Popo wa Pemba: Mshtakiwa Aliyepata Mawakili

Katika ngano nyingi popo husutwa kwa ukigeugeu: vita vilipozuka, hakuwa ndege wala mnyama. Shutuma hiyo imemwandama hadi nje ya hadithi. Kisiwani Pemba yuko popo mkubwa, mla matunda, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Aliwindwa kwa bunduki akafanywa kitoweo, na misitu alimolala ikafyekwa. Kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, pengo halikuzibika upesi. Kufikia mwaka 1989 walionekana wachache mno, ikahofiwa kuwa kizazi chake kingekoma.

Hukumu hiyo haikutenguliwa na sheria peke yake. Wanakijiji wa Kidike waliamua kuilinda miti wanamolala popo. Mgeni ajaye kuwatazama hutoa ada, nayo hufaa kijiji. Wakaazi walielimishwa kuwa popo huchavusha maua na kutawanya mbegu. Embe alalo usiku, hulilipia kwa kupanda msitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kuwa popo hao walikuwa wamefikia takriban 20,000.

Hata hivyo, popo huyu angali miongoni mwa viumbe walio hatarini, kwani shoka halijalala. Yafaa jamii nyingine za pwani ziige mfano wa Kidike: ziiache miti ya malalo isimame, ziwakataze wawindaji, na ziwasimulie watoto ngano mpya. Katika ngano hiyo, popo atakuwa na upande wake: upande wa msitu.