Barua kwa Mpwa Anayekwenda Brussels

Ujiji, Kigoma

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Nimefurahi kwamba likizo umepewa, nauli imepatikana, na mji uliouchagua ni Brussels. Huku sote wazima. Giza hili dagaa wamepatikana kwa wingi, na mwaloni Kibirizi kumechangamka.

Nimeona umepanga kutazama Grand-Place, Atomium na maduka ya chokoleti. Sikukatazi. Grand-Place ni uwanja mzuri kweli. Mizinga ya Wafaransa iliubomoa mwaka 1695, na vyama vya mafundi na wafanyabiashara vikausimamisha upya kwa miaka michache, nyumba moja nzuri kuliko nyingine. Mnara wa jumba la mji una mita 96. Nenda asubuhi, kabla watalii hawajajaa, utazame kwa utulivu. Lakini asubuhi moja yatosha, kwa sababu nataka siku nyingine uzitumie kwa mambo yanayotuhusu sisi watu wa ziwa hili.

Brussels na Ziwa Tanganyika ni wajuani wa zamani. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili aliwakusanya huko wasafiri na wanajiografia, wakaunda chama kilichojinadi kwamba kitaifungua Afrika na kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1879 watu wa chama hicho wakajenga kituo Karema, kusini kwetu, upande huu huu wa ziwa. Baadaye kituo kikashikwa na luteni Émile Storms, naye mwaka 1883 akavuka ng'ambo na kujenga kingine Mpala. Huko alikutana na Lusinga, mkuu wa Watabwa, mtu mwenye bunduki na asiyetaka bwana mwingine juu yake. Desemba 1884 watu wa Storms walimvamia, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms alirudi kwao na fuvu lile, pamoja na sanamu ya mbao iliyokuwa ya Lusinga.

Sanamu hiyo imo katika jumba la makumbusho la Afrika, Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Niliposimama mbele yake niliitazama muda mrefu: chale zimechongwa kwa uangalifu, nywele zimesukwa zikashuka mgongoni, na macho yamefumbwa nusu kama ya mzee anayesikiliza shauri. Vitu huhamishwa, basi ukifika uulize ilipo. Fuvu lenyewe limewekwa katika taasisi ya sayansi asilia, katikati ya mji, pale ambapo watoto wa shule hupelekwa kutazama mifupa ya iguanodoni. Hilo hutaonyeshwa. Hata hivyo uliza, kwa adabu na bila kusita, mkuu yule atarudishwa lini. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurejesha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, lakini mabaki ya binadamu hayakuingizwa humo. Mwaka huo huo waliiondoa sanamu ya Storms iliyokuwa Square de Meeûs, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye taasisi hiyo. Kwa hiyo swali lako halitakuwa geni kwao, na kila anayeuliza analipa uzito.

Kwenda Tervuren utapanda tramu namba 44 kutoka Montgomery, inayopita pembezoni mwa msitu mpaka mwisho wa njia. Usiende Jumatatu, makumbusho hufungwa. Ukitoka humo, usirudi mjini moja kwa moja. Nenda kanisani Tervuren. Ubavuni mwake kuna makaburi saba ya Wakongo. Mwaka 1897 Leopold alileta watu 267 kutoka Kongo wakatazamwe katika maonyesho, wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza kando ya bwawa, na saba wakafa. Waombee dua. Walikufa mbali na kwao.

Njia hiyo hiyo itakupitisha karibu na bustani ya Cinquantenaire. Ndani yake kuna mnara wa mwaka 1921 wa kuwasifu Wabelgiji waliokwenda Kongo. Moja ya maandishi yake linawasifu askari wao kwa kumwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa, na neno hilo la Mwarabu limegombaniwa na kufutwa. Usome ukijua wanaosemwa ni akina nani. Miongoni mwao ni Muhammad bin Khalfan, Rumaliza, aliyekuwa bwana wa Ujiji yetu hii, na ambaye Wabelgiji walipigana naye mpaka wakamshinda mwaka 1894. Katika jeshi lake walikuwamo Wamanyema, watu wa babu wa mama yako.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana. Rumaliza aliuza watu. Lusinga naye aliuza watu, tena waliomwogopa zaidi walikuwa majirani zake. Wengi wa wazee wetu walivushwa ziwa hili wakiwa wamefungwa, na wengine wakawa ndio wafungaji. Usiende huko na hadithi safi ya kwetu ili ushindane na hadithi safi ya kwao. Waliokuja wakisema wanakomesha utumwa walikata vichwa, kisha wakajenga utawala uliowakata Wakongo mikono kwa ajili ya mpira. Hayo yote mawili ni kweli, na mtu wa Ujiji ana haki ya kuyasema yote mawili mbele ya mnara ule.

Jioni nenda Matonge, mtaa wa Wakongo, karibu na Porte de Namur. Hapo kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba tangu 2018. Ukisikia watu wa Lubumbashi au Bukavu, zungumza nao Kiswahili. Watakuelekeza pa kula vizuri zaidi kuliko kitabu chochote. Nyama ya halali utaipata bila shida, Wamoroko ni wengi. Pale stesheni ya Midi shika mkoba wako vizuri.

Sasa viza. Utaomba viza ya Schengen, na unaruhusiwa kupeleka maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje siku 15 za mwisho. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, haitarudishwa hata ukinyimwa. Utatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na mahali utakapolala. Utakwenda Dar es Salaam mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, basi weka nauli hiyo pembeni. Ungenisikiliza, ungekwenda Mei au Juni: Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na baridi yake itakula siku zako.

Pasipoti itazame leo. Lazima iwe na muda wa miezi mitatu zaidi ya siku utakayotoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Ikiwa haitoshi, nipigie kabla ya Ijumaa, nikuongezee pesa ya kuibadilisha.

Mjomba wako akupendaye