JAMAA WA RAU AFUNGA MANIFODI MPYA NYUMBANI KWAO, KILICHOMKUTA NJIA YA MARANGU NI SOMO KWA WOTE WENYE NDINGA ZA TURBO

Desemba ikifika, Moshi inakuwa Moshi nyingine. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Arusha, Mwanza na kila kona ya nchi, foleni Himo haisogei, na kila kijana mwenye gari anataka la kwake ndilo lisikike. Siku hizi gari kung'aa haitoshi, watu wanataka mlio. Ukikaa Rau Madukani jioni unajua ni nani anakuja kabla hujaona taa zake.

Huo mlio ndio uliomponza mshkaji mmoja wa Rau, jina kapuni. Ana miaka 26, ana kiduka cha simu na makava, mpole, hana makuu na mtu. Kinachompa wazimu ni kimoja tu: Subaru Forester yake ya 2004, ile yenye turbo na tundu la hewa juu ya boneti. Aliinunua kwa mtu baada ya kudunduliza miaka mitatu. Gari hilo hilo ndilo linampeleka mama yake kliniki KCMC, ndilo linabeba ndizi kutoka Uru, na ndilo limejaa kwenye ukurasa wake wa Insta kuliko sura yake mwenyewe.

Yote yalianza na kavideo. Akaona jamaa wa huko nje anafunga manifodi ya chuma kisichoshika kutu, mabomba yanang'aa kama sufuria za kitchen party. Gari linawashwa, watu wanashangilia. Usingizi ukaisha. Akaagiza ya kwake kupitia duka moja la Dar, laki sita kasoro, ikaja kwenye buti la basi imefungwa kwenye boksi kama zawadi.

Kwa asiyejua: manifodi ni yale mabomba yanayopokea moshi mara tu unapotoka kwenye silinda. Kwenye gari la kawaida moshi huo unaelekea zake kwenye sailensa, habari inaishia hapo. Kwenye gari la turbo una kazi kwanza. Unapita kwenye turbo, unazungusha feni, na feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo maana gari la turbo halichoki kirahisi kwenye milima yetu ambako hewa ni nyepesi. Sasa manifodi ikivuja, moshi unapotea kabla haujafika kwenye turbo. Nguvu inapungua, na moshi huo unabaki chini ya boneti, hatua chache tu kutoka walipokaa abiria.

Halafu kuna siri ya Subaru ambayo muuzaji hakumwambia. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto, mbili kulia, na turbo imekaa upande mmoja. Kwenye manifodi iliyotoka na gari lile, moshi wa upande wa pili unavuka chini ya injini, unatembea njia ndefu kuliko mwenzake. Kwa sababu njia hazilingani, mapigo hayafiki kwa mpangilio, na hapo ndipo unapozaliwa ule mngurumo wa bu-bu-bu. Ndio ule ambao watu wa rali wanauhusisha na Subaru tangu enzi za Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally 1997 na Impreza.

Manifodi aliyonunua mshkaji ilikuwa ya mabomba yenye urefu sawa. Kiufundi ni kitu kizuri, moshi unafika kwenye turbo kwa mpangilio. Ila ule mngurumo unakufa. Jamaa alitoa karibu laki sita kununua mlio, akawa ameununua ukimya.

Mjomba wake alijaribu kumzuia. Huyu ni fundi wa zamani wa Majengo, kazeekea kwenye Land Rover, siku hizi anafanya kazi akijisikia tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nasikia unataka kufungua gari. Ile ya zamani ina kosa gani?"

"Haina kosa, mjomba. Nataka tu itoe mlio."

"Sawa. Nisubiri Jumamosi nije tufungue wote. Na gasketi mpya nunua, usisahau."

Jumamosi ilikuwa mbali. Ndugu walishaanza kuingia mjini, na mshkaji alishatangaza kwa wafuasi wake kuwa kuna kitu kinakuja. Alhamisi asubuhi akapandisha gari kwa jeki chini ya mparachichi nyuma ya nyumba.

Tumpe haki yake, mengine alifanya vizuri. Hakulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala hakuweka tofali za saruji ambazo zinaweza kupasuka ghafla. Aliazima stendi za chuma kwa fundi pancha. Alitoa nyaya za betri. Alipulizia nati dawa ya kutu tangu jana yake usiku na kuzifungua injini ikiwa ya baridi, kwa sababu stadi zilizokaa karibu miaka 20 kwenye joto na kutu zinakatika kama biskuti, na stadi ikikatikia ndani ya kichwa cha injini cha aluminiamu, wiki nzima imeharibika. Zote zikatoka salama.

Tatizo lilikuwa kufunga. Saa kumi jioni, jua linaenda, simu haziachi kuita, akaanza kuruka hatua. Gasketi za zamani akazitazama, akaona bado nzima, akazirudisha. Gasketi ya chuma ikishabanwa mara moja inalala, ukiirudisha haizibi tena kama mwanzo. Uso wa manifodi mpya hakuupima, kumbe joto la kuchomelea lilikuwa limeupinda kidogo kule kiwandani. Nati alikaza moja mpaka mwisho ndipo akahamia nyingine, badala ya kuzipeleka zote kidogo kidogo. Na yale mabati ya kuzuia joto akayaacha pembeni kwa sababu yanaficha mng'ao.

Akawasha. Moshi kidogo ukapanda kutoka kwenye mabomba, hilo ni la kawaida, ni mafuta ya kiwandani na alama za vidole zinaungua. Kisha akategea sikio. Gari lilikuwa linalia kama cherehani.

Alivyoposti, rafiki yake wa Soweto akaandika hivi: "Kaka, umebadilisha manifodi au umenunua Noah?" Watu wakacheka. Iliuma, lakini asubuhi yake alipowasha gari la baridi akasikia kitu kipya, tik tik tik ya haraka haraka upande wa kulia. Gari lilipopata moto ikapotea. Akajiambia ndio mlio wa manifodi za mashindano. Akairekodi, akaweka muziki juu yake, like zikaja.

Ile tik tik ilikuwa ni moshi unapiga chafya kwenye gasketi. Chuma kikiwa cha baridi nafasi inakuwa kubwa, kikipata joto kinatanuka na sauti inafifia. Inafifia sauti, tundu haliondoki.

Siku ya Krismasi familia ikapanda kwa bibi, Marangu. Mbele yeye na mama yake, nyuma mdogo wake wa kike aliyerudi likizo chuo pamoja na watoto wawili wa dada yao. Mvua ya rasharasha, ukungu, vioo vyote juu, feni inapuliza kwenye kioo cha mbele kisizibe. Dirisha la dereva peke yake ndilo lilikuwa wazi, kwa sababu alitaka kuusikia mlio wake.

Himo foleni ikasimama. Nusu saa, wakasogea kidogo, wakasimama tena. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unasomba kilichopo chini ya boneti na kukitupa nyuma. Likisimama, moshi unapanda taratibu, na hewa ya feni inavutwa kutoka pale pale chini ya kioo cha mbele. Mtoto mmoja akaanza kulalamika kichwa. Mama akasema ni njaa. Wa pili akatapika, wakasema ni kona na yale maandazi ya asubuhi. Mdogo mtu akanyamaza, wakadhani amelala. Walipoanza kupanda Marangu mama naye akasema kichwa kinamgonga, labda ni mwinuko.

Mwinuko! Hata geti la Marangu wanapoanzia wapanda mlima liko mita 1,800 na ushee, wakati ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida unaanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi. Na huyu ni mama aliyezaliwa huko huko juu.

Walipofika, mdogo wake hakuweza kushuka. Miguu ilikataa, maneno yakawa hayaeleweki. Kelele zikaanza, mmoja anasema malaria, mwingine anasema amerogwa barabarani. Mjomba fundi alikuwa ameshatangulia, amekaa na watu wa mbege. Akaja taratibu, akawaangalia wote watano, akauliza swali moja.

"Nani alikuwa na dirisha wazi?"

Kukawa kimya. Mshkaji ndiye pekee ambaye hakuwa anaumwa.

Mjomba akaamuru wote wakae nje kwenye hewa, gari lizimwe, na binti apelekwe hospitali ya karibu kwa gari la mtu mwingine. Huko akawekewa oksijeni na kulazwa mpaka kesho yake. Alipona, watoto na mama pia. Lakini usiku ule mshkaji hakugusa nyama, hakugusa simu. Alikaa nje kwenye benchi karibu na migomba, mpaka mama yake akamfuata.

"Baba, wewe ulikuwa unasikiliza mlio. Sisi huku tulikuwa tunasikia vichwa."

Kilichotaka kuwamaliza ni kaboni monoksaidi. Imo kwenye moshi wa gari, haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania pale ambapo oksijeni ingekaa, na nguvu yake ya kung'ang'ania ni zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Dalili zake zinafanana na malaria au uchovu: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Ukiona watu wawili watatu ndani ya gari moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakishuka wanapata nafuu, usitafute mchawi. Zima gari, tokeni nje wote, anayelegea awahishwe hospitali.

Tarehe 27 mjomba na mpwa wake wakalifungua gari pale pale uani kwa bibi. Kwanza mzee akamwonyesha kutafuta uvujaji. Injini ikiwa ya baridi wakaingiza upepo wa pampu ya umeme kwenye bomba la nyuma, wakaziba pembeni na tambara, kisha wakapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Upande wa kulia povu likachemka kama pombe inayoumuka. Walipofungua wakakuta alama ya masizi meusi kwenye uso wa manifodi, njia ile ile moshi ulikopita. Wakaulaza uso wake juu ya kioo cha dirisha, mwanga ukapenya katikati.

Mjomba hakumkataza kuifunga tena. Alimwambia ipelekwe kwa mtu wa mashine isawazishwe, zinunuliwe gasketi mpya, nati zikazwe kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje, mabati ya joto yarudi ili nyaya na mpira wa CV joint visiungue, na baada ya gari kupata moto na kupoa mara kadhaa nati zikaguliwe tena. Na bila kurekebisha kompyuta ya gari, asitegemee nguvu za ajabu kwa manifodi peke yake.

Mshkaji akafikiri, akaomba warudishe ile ya zamani. Wakaifunga na gasketi mpya, wakapima tena kwa sabuni, hakuna povu. Alipowasha, ule mngurumo ukarudi, bu-bu-bu, ambao alikuwa nao siku zote. Ile ya kung'aa iko juu ya kabati dukani kwake Rau. Wateja wakiuliza bei anasema haiuzwi, imepinda.

Mdogo wake amerudi chuo salama, kwa basi. Alipoambiwa apelekwe stendi na Subaru alikubali, ila alifungua madirisha yote manne.

Haya wadau wa ndinga, semeni ukweli: gari lako likianza tik tik asubuhi, huwa unafungua boneti au unaongeza sauti ya redio?