Kiasi kipi, saa ipi?

Leo tuongee juu ya jambo ambalo chuoni tulilipitia harakaharaka: faili mbili zaweza kutumia neno moja na zisimaanishe kitu kimoja.

Chama kimoja cha ushirika cha wafugaji kiliniita niunganishe data zake. Faili moja ilitoka kwa karani anayepokea maziwa kijijini, nyingine kwenye kompyuta ya kiwanda. Zote zilikuwa na safu ya "Kiasi" na ya "Saa". Karani aliandika 1,030, kiwanda kikaandika 1,000. Karani alisema lori liliondoka 1.30, kiwanda kikasema lilifika 08:45. Yaani saa saba na robo kwa safari fupi, na maziwa yamepungua! Kila siku ni hivyo hivyo. Wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba dereva anauza maziwa njiani. Walichotaka kwangu ni ripoti ya kumfutia kazi.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, nilienda kumwuliza karani anapimaje. Akanionyesha mizani. Kumbe anaandika kilo! Kiwandani kuna mita kwenye bomba, nayo huhesabu lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo kilo 1,030 ndizo zile zile lita 1,000. Na 1.30 yake ni saa moja na nusu asubuhi, ambayo kompyuta huandika 07:30. Safari ilichukua saa moja na robo tu. Dereva yuko kazini hadi leo.

Msidhani haya ni ya vijijini pekee. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni, na nyingine ikazisoma kama niutoni.

Siku hizi nafanya hivi: jina la safu hubeba kipimo chake (kiasi_kilo, kiasi_lita), saa zote huwa za mfumo wa 24, na data asilia siigusi, nageuza kwenye safu mpya. Lakini kwanza namtafuta anayejaza kitabu, nimwulize. Kompyuta haitakuulizia.