Mapatano Kabla ya Arusi

Mchumba anayetaka mapatano ya mali kabla ya ndoa hushukiwa upesi. Watu husema kuwa anatandika kitanda cha talaka kabla ya kitanda cha arusi. Dhana hiyo ina nguvu, lakini nguvu ya dhana si ushahidi wa ukweli wake.

Katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ndoa haikupata kufungwa pasipo mapatano. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alieleza maisha ya watu hao walioishi katika vijiji vya marika, na jinsi ng'ombe walivyokuwa kiungo cha ndoa zao. Ng'ombe walitoka upande wa mume wakaenda upande wa mke, na ndoa ilipovunjika walidaiwa. Huo ulikuwa mkataba kamili. Upungufu wake ulikuwa mmoja: ulifungwa baina ya wazee, na haukutaja jasho la mwanamke shambani.

Binti mmoja wa Mbugani, wilayani Kyela, aliujua upungufu huo kwa macho yake. Mama yake alipalilia kakao ya mumewe misimu kumi na minane. Siku ndoa ilipovunjika aliondoka na jamvi, sufuria mbili na watoto. Hakwenda mahakamani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba jasho lake lina jina katika sheria.

Jina hilo lipo. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, arusi peke yake haigeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwenzake. Kila mtu hubaki na chake, isipokuwa wamepatana vingine. Ndoa ikivunjwa, mahakama huweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, ikitazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hata hivyo, mchango huhitaji ushahidi, na alama za jembe hufutwa na mvua.

Binti yule, ambaye alikuwa fundi wa kushona, alimngoja mchumba wake amalize kuanua mpunga, kisha akamwambia, "Mwenzangu, kabla ya arusi tuandike kipi chako, kipi changu, na kipi kitakuwa chetu."

Kijana alinyamaza. Mwisho akauliza, "Umekwisha kuiona talaka yetu?"

"Sikuiona yetu," alijibu. "Niliiona ya mama."

Kijana alikwenda zake bila ya kuaga vizuri, na kwa siku tatu hakuonekana. Binti alishona nguo za watu huku akiamini kuwa yake ya arusi haitavaliwa. Siku ya nne kijana alirudi, akakiri jambo ambalo halikuulizwa: kati ya ng'ombe wa mahari, wawili walinunuliwa kwa mkopo, na mdai alikuwa akingoja mavuno. Alikuwa amekusudia kulilipa deni lile baada ya arusi, kimya kimya, kwa mpunga ambao mkewe angeupalilia bila ya kujua.

Hapo ndipo faida ya mazungumzo yale ilipoonekana. Binti aliomba kujikinga na hasara ya mbali. Akaonyeshwa hasara iliyokuwa mlangoni. Kijana naye, aliyeogopa kuhesabiwa mali, alipumua alipohesabiwa deni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari huzaa uongo.

Waliandika mbele ya mjomba wa kijana na mama wa binti. Shamba la kakao la urithi lilibaki la mume. Miche itakayopandwa baada ya ndoa ikawa ya wote wawili. Cherehani ilibaki ya mke. Deni la ng'ombe lingelipwa na mume kwa mavuno ya shamba lake la zamani. Karatasi ile haikuwazuia mahakimu kutazama haki, kama siku moja wangeitwa kuitazama. Lakini iliwazuia wawili wale kuoana gizani.

Yapo mambo ambayo hayasemeki vizuri ila wakati wa mapenzi, kwa sababu ndipo kila mmoja humtakia mwenzake mema. Mambo hayohayo, yakiahirishwa hadi siku ya ugomvi, husemwa na watu wawili ambao kila mmoja anataka kushinda.

Mama wa binti hakujua kusoma. Aliomba asomewe mara ya pili mahali palipotajwa miche. Aliposikia neno "wote wawili," aliitikia kwa shukrani ya kwao: "Ndaga." Kisha akaweka alama ya kidole chake.