Nahodha wa Bulla Pesa

Bahari haionekani kutoka Bulla Pesa. Baina ya mtaa huo wa mji wa Isiolo na Mombasa pana safari ya zaidi ya kilomita 700 za barabara, na upepo uvumao huko hauleti chumvi ila vumbi. Hata hivyo, mnamo mwaka wa 2003 mtaa huo ulikuwa na merikebu yake. Ilikuwa bodi ya lori bovu, lisilo na injini wala magurudumu, lililoachwa nyuma ya boma moja. Kila alasiri baada ya masomo, watoto wa darasa la sita walilikwea, wakatweka tanga la magunia na kung'oa nanga.

Aliyewafunza ubaharia huo hakuwa mwalimu. Alikuwa utingo wa malori ya Moyale ambaye ujana wake aliumalizia Mombasa, naye alirudi bara na hazina ya maneno ambayo hakuna mtu mtaani aliyeyahitaji. Aliwaambia kwamba mbele ya chombo ni omo na nyuma ni shetri, kwamba mti unaobeba tanga huitwa foromali, na kwamba chini ya nahodha yupo serahangi, ambaye kazi yake ni kuwakaripia mabaharia. Aliwafunza pia kusema 'ndoo' badala ya 'njoo', 'mato' badala ya 'macho', 'nti' badala ya 'nchi', kwa Kimvita chake kilichokwisha kuchanganyika na cha malori. Watoto hao, wengi wao wakiwa ni Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru, wakawa wanaitana kwa sauti za watu wa Mji wa Kale ambao hawajapata kuwaona. Mmoja wao, kijana wa Kiborana, aliuzoea unahodha kiasi kwamba jina la Nahodha likamganda hadi leo.

Haikuwa ajabu lori kugeuzwa merikebu. Enzi hizo barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale, ipatayo kilomita 500, haikuwa na lami. Malori yalipakia ng'ombe chini na abiria juu ya vyuma, yakaondoka kwa msafara yakiwa na askari kwa kuhofia majambazi, na waliobaki nyumbani wakawaombea wasafiri kama wanavyoombewa wanaovuka maji. Mtoto wa Bulla Pesa alikijua chombo, alimjua nahodha, na haramia pia alimjua. Kilichokosekana ni maji tu.

Na katika mchezo huo, kila mmoja alitaka kuwa haramia. Nahodha mwenyewe alikuwa akiuacha usukani ili apate zamu ya kunguruma. Sababu yake, ukiitafakari, ni ya kisarufi. Darasani, mtoto aliyesema 'kitabu yangu' alisahihishwa mbele ya wenzake. Haramia hakusahihishwa na mtu. Haramia aliruhusiwa kuzivunja ngeli zote, kuapa, kukoroma, kuburuta irabu, na kadiri alivyoiharibu lugha ndivyo alivyoshangiliwa. Yamkini hakuna mahali pengine ambapo watoto wale walizungumza Kiswahili kwa wingi na kwa raha kama juu ya bodi ile. Wapwani wenyewe wanaijua raha ya namna hii: mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa na 'mbuzi' akawa 'zimbu', ni wa zamani kiasi kwamba Edward Steere alitia mifano yake katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja.

Ughaibuni pia raha hiyo imepata siku yake. Mwaka wa 1995 Wamarekani wawili, John Baur na Mark Summers, walibuni kwa mzaha siku ya kuzungumza kama haramia, wakaiweka tarehe 19 Septemba kwa kuwa ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtaliki wa Summers, hivyo isingesahaulika kwa urahisi. Mwandishi wa magazeti Dave Barry aliitangaza mwaka wa 2002, na mzaha ukaenea duniani. Lakini sauti inayoigwa siku hiyo haikutoka baharini. Imetokana kwa kiasi kikubwa na mwigizaji Robert Newton, aliyecheza nafasi ya Long John Silver katika filamu ya mwaka wa 1950 iliyotokana na riwaya ya Robert Louis Stevenson. Newton alizaliwa Shaftesbury, katika jimbo la Dorset, na aliitia chumvi lafudhi ya watu wa kusini-magharibi mwa Uingereza. Kwa hiyo sauti ambayo dunia nzima huidhania kuwa ya haramia ni ya wakulima na wavuvi, na wenyewe wapo, wanaizungumza wanapouza maziwa.

Nahodha alijiunga na chuo kikuu mwaka wa 2011, naye alichukua Kiswahili. Ilikuwa miaka ya haramia wa kweli. Meli zilikuwa zikitekwa nje ya pwani ya Somalia. Ile iliyoitwa Faina, iliyotekwa mwaka wa 2008 ikielekea Mombasa, ilikuwa imebeba vifaru 33. Washukiwa walikuwa wakifikishwa katika mahakama za Mombasa. Wanafunzi wenzake walitunga igizo la kuchekesha kuhusu utekaji wa meli, na ilipofika zamu ya kumtafuta haramia, macho yote yakamgeukia kijana wa Isiolo. Hakukasirika. Alikuwa na tajriba ya miaka mingi katika kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa sauti. Kimvita cha utingo hakikufaa, maana haramia huyu alipaswa kuwa Msomali. Nahodha akaenda kuitafuta sauti mahali pa karibu. Kisomali hakina sauti /p/, na Kiborana nacho hakina /p/ hiyo ya kawaida ila katika maneno ya mkopo. Ndiyo maana wazee wengi wa mtaani kwao huliita jina la mtaa wao 'Bulla Besa'. Mzee aliyelitamka hivyo mbele yake kwa miaka yote ya utoto wake alikuwa babu yake, mfugaji aliyefariki mwaka wa 2008. Basi haramia akapanda jukwaani akidai 'besa', akiwatishia 'bolisi', akiwaamuru mateka washuke 'bole bole'. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mmoja alirekodi kwa simu, na Nahodha akarudi nyumbani likizoni na rekodi hiyo kama nishani.

Nyanya yake aliisikiliza kwa makini, simu ikiwa karibu na sikio, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Akauliza kwa Kiborana mzee huyo amepatikana wapi. Alipoelezwa kwamba ni mjukuu wake anayeigiza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali jingine: mbona watu wanacheka?

Hakulijibu. Angeanzia wapi? Babu huyo aliipoteza mifugo yake katika vita vya shifta, vilivyoanza mwaka wa 1963 na kumalizika mwaka wa 1967, wakati ambapo kuwa mfugaji wa upande huo wa nchi kulitosha kumfanya mtu adhaniwe kuwa shifta. Neno hilo limetoka Kiamhari, na maana yake haiko mbali na haramia. Mzee huyo alikuwa ameitwa haramia pasipo mzaha, na sasa sauti yake ilikuwa imerudishwa kazini humo humo, safari hii na mjukuu, kwa makofi. Msomaji anaweza kusema kwamba igizo ni igizo, na hatakuwa amekosea. Ila yupo avaaye sauti na kuivua pazia lifungwapo, na yupo aliyezaliwa nayo.

Jambo hili lilimdhihirikia Nahodha mwezi wa Aprili mwaka wa 2014, wakati wa msako wa usalama ambapo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walishikwa jijini Nairobi na wengine kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Matatu aliyoipanda ilisimamishwa kizuizini usiku. Askari alipomwelekezea tochi na kumwuliza atokako, Kimvita cha utingo kilimtoka chenyewe, laini kama aliyenyonya nacho. Akaitwa shekhe, akaachwa. Abiria aliyeketi karibu naye, mzee wa makamo, alijibu kwamba anatoka Isiolo, na katika kuitafuta kadi yake ya kitambulisho akasema 'boleni'. Akaamriwa ashuke. Gari likaondoka. Nahodha hakusema neno hata walipofika kituoni, na kwa muda mrefu hakumsimulia mtu.

Siku hizi anafundisha. Wanafunzi wake wanamsifu kwa matamshi yake, wengine wakidhani ni mtu wa Lamu. Bodi ya lori iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, utingo hajulikani alikokwenda, na simu yenye rekodi iliibwa zamani. Nyanya bado yupo. Alipomtembelea mara ya mwisho, bibi huyo aliulizia ile sauti ya simu. Alipoambiwa kwamba imepotea, hakuona tatizo: aliyeisema si yupo? Akamwambia aseme kama babu yake, aseme jina la mtaa.

Nahodha akasema. Nyanya akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, ni ya watu wa redioni. Akamsogezea kigoda karibu na kumwambia ajaribu tena.