Injini Zina Namba, Wazee Wetu Je?



Kisii na Nyamira hazina reli. Msafiri atokaye pwani, ambako reli ya Kenya ilianzia mwaka 1896, hupanda milima ya Wagusii kwa basi au matatu. Na kutoka Keroka mpaka mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Getembe, hatakutana na stesheni wala hatasikia honi ya treni. Atakutana na migomba iliyosongamana, mashamba ya chai yaliyotandazwa kwenye miteremko kama mikeka, na mvua za alasiri. Reli iliyo karibu iko chini bondeni, upande wa Muhoroni, Kibos na Kisumu.

Hata hivyo, nchi hii isiyo na reli ina deni kubwa la kuidai reli. Vita vyote viwili vikuu vya dunia viliifikia milima hii kwa msaada wa garimoshi, na garimoshi likawachukua watoto wa watu kuwapeleka mbali. Ndiyo sababu safari yetu ya Kisii na Nyamira ilianzia mahali ambapo injini za zama hizo zimesimama mpaka leo, nazo zinaliwa na kutu.

Mahali penyewe ni Nairobi. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ipo Makumbusho ya Reli, iliyofunguliwa mwaka 1971. Watoto hupapenda kwa sababu ya behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Lakini sisi tulivutwa zaidi na uwanja wa nje, ambako injini za mvuke zimepangwa juani na mvuani. Rangi imepakwa juu ya rangi, na chini ya rangi hiyo kutu inaendelea na kazi yake. Ukipitisha kiganja ubavuni mwa injini, kinarudi na unga mwekundu kama wa matofali.

Moja kati ya injini hizo ina namba 5505. Hii ni ya aina ya Garratt, nayo ni ndefu kuliko mtu anavyotarajia. Boila lake liko katikati, limening'inizwa baina ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili mzigo wote uenee juu ya magurudumu 28 na reli nyembamba isilemewe, na ili injini iweze kupinda kwenye kona kali za milimani. Kundi lake lilitengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock mjini Manchester, Uingereza, vita vya pili vikielekea ukingoni, kwa agizo la Wizara ya Vita. Reli za Burma na za Kenya zina upana mmoja, yaani mita moja; kwa hiyo injini mbili za kundi hilo zililetwa Kenya mwaka 1945, nyingine zikapelekwa India na Burma, na baada ya vita baadhi ya zile za Burma zikavuka bahari zikaja kumalizia umri wao Afrika Mashariki.

Qur'ani Tukufu ina sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na humo tumekumbushwa kwamba chuma kina ukali na kina manufaa pia. Injini ya 5505 ni mfano wa yote mawili. Ilizaliwa kwa ajili ya vita, kisha ndugu zake wakavuta pamba, kahawa, katani na abiria kwa miaka mingi, mpaka injini za dizeli zilipochukua nafasi yao.

Jambo lililotugusa uwanjani pale ni majina. Wakubwa wa reli walizipa injini zao majina kwa heshima kubwa. Ipo 5918 iitwayo Mount Gelai, kwa jina la mlima wa Tanzania. Ipo 2921 yenye jina la Wamasai wa Kenya, na 3020 yenye jina la Wanyaturu. Ipo 6006 yenye jina la gavana wa Kiingereza. Hata kutu ikizidi, namba na majina hayo yameandikwa vitabuni, na wapenzi wa reli duniani wanayajua kwa moyo. Tukaondoka Nairobi na swali: je, wale waliopakiwa katika mabehewa yaliyovutwa na injini kama hizi, majina yao yako wapi?

Kisii ina sababu ya kuliuliza swali hilo. Serikali ya kikoloni iliingia huku kwa bunduki. Mwaka 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa Northcote, baada ya kuhimizwa na mwanamke mtabiri aliyeitwa Moraa, naye Moraa hakuwa amevumilia kuona ng'ombe na heshima za watu wake zikichukuliwa. Northcote alipona, lakini Wagusii waliadhibiwa vikali. Miaka sita baadaye vita vya kwanza vikawakuta. Mwezi Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka Tanganyika likauteka mji wa Kisii. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maafisa wa Kiingereza, walipelekwa haraka. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu Desemba 1901. Kutoka hapo walivushwa kwa meli hadi Kendu, kisha wakapanda mlima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba walipigana na Wajerumani hapo Kisii. Kamanda wao, Kapteni Thornycroft, aliuawa, na pande zote mbili zikaondoka zimechoka.

Mji ukabaki bila mwenyewe, wenyeji wakaingia wakachukua mali. Serikali iliporudi iliwatoza adhabu ya pamoja, na ng'ombe wengi walichukuliwa. Kwa Mgusii wa siku zile ng'ombe alikuwa ndiye mahari ya binti na ndiye maziwa ya mtoto. Basi aliyelala njaa kwa adhabu ile alikuwa mama aliyebaki nyumbani.

Kisha ikaja zamu ya wapagazi. Vita vya Tanganyika vilipiganwa porini, mahali pasipo na reli wala barabara, na mzigo ulikwenda juu ya vichwa vya watu. Vijana walichukuliwa kutoka Nyanza yote, Kisii ikiwamo, wakatiwa katika jeshi la wabebaji mizigo ambalo jina lake la Kiingereza lilitamkwa na watu wetu Kariakoo. Hadi leo Nairobi na Dar es Salaam zina mitaa yenye jina hilo. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Katika ripoti yake ya Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na magharibi pamoja na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sisi wa Mombasa tunayo sanamu ya askari katika Barabara ya Jomo Kenyatta, tunaipita kila siku tukienda sokoni. Ni kumbukumbu ya watu hao hao. Wangapi kati yetu tumewahi kuwaeleza watoto wetu ni ya nani?

Vita vya pili viliwarudisha wana wa Gusii kwenye mabehewa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma, ikapigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na matope. Wengi walipitia Kilindini. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo, imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa muda wa dakika chache. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwamo wanawake wengi. Tazameni basi mizani ilivyokaa: askari wa Kenya walikwenda Burma, na injini zilizoundwa kwa ajili ya Burma zikaja Kenya. Injini zikapewa namba mpya na karakana ya kuzitunza. Askari waliorudi walipewa karatasi ya kuachishwa jeshi wakaambiwa waende kwao.

Karatasi moja ya namna hiyo tuliiona Nyamira. Mama mmoja mtu mzima alitukaribisha nyumbani kwake, pembezoni mwa shamba la chai. Baba yake alipigana Burma. Akatutolea kopo la bati lililowahi kutiwa majani ya chai, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, imeliwa kwenye mikunjo.

"Wanangu," akasema, "namba yake ya jeshi ilikuwa hapa. Nilikuwa naisoma nikiwa msichana. Sasa unyevu umeisoma ukaimaliza."

Tukamwuliza, "Na nishani, mama, alipewa?"

"Alipewa. Kaka yangu aliiuza pamoja na sufuria mbovu, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilipimwa kwa kilo."

Hakusema kwa uchungu. Alilifunga kopo akalirudisha juu ya kabati, kisha akatuandalia chai. Sisi tulikaa kimya, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa na simu ya kupigia picha mfukoni, na wenye shamba walikuwa na wajukuu wanaojua kusoma, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeiandika namba ile mahali pengine. Kabla hatujaondoka tuliomba ruhusa, tukaipiga picha karatasi hiyo pande zote mbili, na mama akatutajia jina la baba yake, la babu yake na la kijiji. Mjukuu aliyaandika katika daftari la shule.

Waislamu wenzetu wa Kisii nao wana kisa chao katika habari hii. Mjini Kisii wapo Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani walioingizwa katika jeshi la kikoloni mwishoni mwa karne ya 19, wakawekwa karibu na boma na kambi: Kibera, Kibos, Kisii na kwingineko. Lugha yao, Kinubi, ilitokana na Kiarabu. Wanawake wao huvaa gurbaba, na husuka tabaga, vifuniko vya chakula vya rangi nyingi ambavyo mwanamke wa pwani akiviona atasema hivi ni kawa, isipokuwa vimevaa nguo ya Idi. Wazee wao walikuwa askari, na kwa miaka mingi wajukuu wameulizwa ni wa wapi na ardhi wanayoikalia ni ya nani. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba jina la babu lililoandikwa vizuri si pambo. Ni hoja. Linaweza kumsaidia mjukuu kuonyesha kwamba alizaliwa na watu waliokuwapo.

Njia za milima hii na pwani yetu hazijakatika. Chai inayochumwa Nyamira, nyingi kwa mikono ya wanawake, hushuka kwa malori hadi Mombasa, huuzwa katika mnada wetu na kupakiwa bandarini kwetu. Mpango wa kuiendeleza reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu umetaja Nyamira katika njia yake. Yamkini siku moja Nyamira itasikia honi ya treni. Likitokea hilo, litakuwa jambo la manufaa, na itafaa watoto wa huko wajue kwamba kizazi cha kwanza kilichojuana na reli kilikwenda nayo wapi.

Kwa familia zitakazopitia Nairobi katika likizo ijayo, tunashauri zifike kwenye makumbusho hayo na kuwapandisha watoto kwenye injini. Lakini msiondoke bila kuwaeleza waliobebwa na injini hizo. Na kwa kila nyumba isomayo gazeti hili, tunaomba jambo dogo kabla ya Ijumaa ijayo. Mama au bibi atoe kopo, sanduku au mkoba wenye karatasi za zamani. Karatasi zipigwe picha, zisikunjwe tena, ziwekwe mahali pakavu mbali na jiko na ukuta unaovuja. Majina ya vizazi vitatu yaandikwe kwa wino, pamoja na mji, kazi, na namba kama ipo. Tume tuliyoitaja imeanza kuyatafuta majina ya waliosahauliwa katika kumbukumbu za Kenya, na familia yenye jina la mzee wake mkononi itakuwa na la kuipa.

Chuma kina watu wa kukipaka rangi. Wazee wetu wana sisi tu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa warithi waaminifu wa majina yao. Amin.