Picha za Mastaa Anazo Maelfu, ya Yeye na Mama Yake Hakuwa na Hata Moja

Kama unafuatilia mastaa wa Bongo, kazi za huyu jamaa umeshaziona sana. Jina linabaki kapuni. Anakaa Sinza, miaka thelathini bado hajaigusa, na kwenye kompyuta yake kuna picha za watu maarufu ambazo wewe ukiwa nazo ungeringa kitaa kizima.

Mwaka juzi baba yake alifariki. Pale msibani ndugu wakafungua maalbamu yote kutafuta picha ya baba na mwana, wawili tu. Haikuwepo. Picha za baba zilikuwa nyingi na nzuri balaa, ila zote kazipiga yeye. Yeye mwenyewe hayumo hata kwenye moja.

Sasa mwaka huu mama, ambaye yuko Muheza, akampigia simu. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, usinifanyie kama baba yako. Nataka picha, mimi na wewe. Ya kuweka ukutani, siyo hizo za kwenye simu, simu zinaibiwa." Halafu akaweka sharti: flashi hataki kuiona. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwanga wa ghafla unamsumbua.

Najua mtasema si angebeba tu mitambo yake ya kazini. Shida ni kwamba mama hizo kamera hazipendi, anaziita mabunduki. Anayoikubali ni moja tu: Canonet QL17 ya mkanda, ile kamera ndogo ya miaka ya 70 ambayo jamaa aliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio. Mama alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hii sasa ndiyo kamera."

Kwa wasioijua, hiyo ni aina ya renjifainda. Huangalii kupitia lenzi, unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni. Katikati ya kidirisha kuna taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zinakuwa moja, hapo umelenga sawasawa. Ndani haina kioo cha kuruka juu ukibonyeza, kwa hiyo haijitikisi na shata yake inalia kidogo tu, tk. Ndiyo maana wenye kamera hizi wengi wanajidai hawahitaji stendi, mkono unatosha.

Mkono unatosha kama unampiga mwenzio. Ukitaka na wewe uwemo, kamera itashikwa na nani?

Tripodi kubwa ya kazini aliitoa kwenye hesabu mapema. Kwanza safari ni ya basi, Mbezi mpaka Muheza, na dude lile likiingia kwenye buti chini ya magunia hujui litatoka na miguu mingapi. Pili, sebule ya mama ina kochi, meza ya kioo, kabati la vyombo na friji. Miguu mitatu iliyotanuka itasimama wapi? Tatu, na hii ndiyo kubwa, aliwahi kuipeleka. Mama alipoliona lile dude akakaa wima kama anapiga paspoti saizi. Hakucheka tena.

Basi akaamua kutafuta ndogo, ya kukaa mezani. Akaenda Kariakoo, akakutana na zile zenye miguu inayojikunja kama pweza. Elfu 15. Ukiifunga kwenye simu inakaa poa. Lakini simu ina uzito wa gramu kama 200, Canonet inapita 600. Akaiweka mezani kwake Sinza, akachungulia, akapanga, kila kitu safi. Akahesabu mpaka kumi. Kamera ilikuwa imeanza kusujudu taratibu, lenzi inaangalia meza. Akaikaza, ikasujudu tena. Elfu 15 ikawa imekwenda.

Ndipo akarudi kwa yule mzee aliyemuuzia kamera. Shikamoo, marahaba, akaeleza shida yake. Mzee akacheka kwanza, kisha akamuuliza swali moja: "Utaiweka juu ya nini?"

Jamaa akasema mezani.

"Meza ya urefu gani?"

Hapo jamaa akakwama. Mzee akamfungulia darasa. Hii kamera haina skrini, lazima jicho lako lifike nyuma ya kidirisha. Ukiiweka kwenye meza fupi ya sebuleni utalala kifudifudi kuchungulia, na picha itamuonyesha mama pua na kidevu. Stendi ndogo haina urefu wake yenyewe, inaazima urefu wa pale ilipowekwa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua stendi, chagua kwanza kabati.

Baada ya hapo mzee akatoa stendi yake kwenye droo. Ya chuma, miguu mitatu mifupi, kichwa cha gololi chenye skrubu ya kukazia. Akaonyesha namna ya kuijaribu. Funga kamera, kaza, kisha gonga lenzi kwa kidole. Ikiendelea kutetemeka, achana nayo. Ikitulia hapo hapo, chukua. Mguu mmoja uelekee upande wa lenzi, kwa sababu uzito unaegemea mbele. Ukitaka picha ya kusimama na kamera ukailaza ubavu, hakikisha uzito wake haujatoka nje ya miguu, la sivyo itapiga mweleka. Angalia na nyayo za mpira, kabati lenye vanishi linateleza.

Akaongeza la wenye hela. Wanaotumia Leica M za mkanda, zile zinazofunguliwa kwa chini, kila wakibadili mkanda lazima kwanza waitoe kamera kwenye stendi. Tena tundu la skrubu kwenye zile za zamani liko mwishoni kabisa mwa kitako, siyo katikati, kwa hiyo kamera inaning'inia upande mmoja. Stendi legelege hapo haifai kabisa. Canonet mlango wake uko nyuma, inamsamehe mtu zaidi.

"Na ukikosa meza," mzee akasema, "ikunje miguu uiegemeze kifuani au ukutani. Inatulia kuliko mkono mtupu."

Bei ilianza elfu 70, ikaishia 55. Jamaa akaiweka kwenye begi, haikuzidi nafasi ya chupa ya maji.

Muheza alifika Jumamosi mchana. Wakala, wakapiga stori, akasubiri jioni taa iwashwe. Kabati la vyombo lilikuwa linamfika kifuani, na mama akiwa amekaa kwenye kochi macho yake yanakuwa karibu usawa ule ule. Akasogeza vikombe viwili, akasimamisha stendi, mguu mmoja mbele, akaigonga lenzi kwa kidole. Kimya. Mkanda wake ni wa ISO 400, kwa taa ile ya sebuleni akaweka f/4 na moja ya nane ya sekunde. Kwa mkono hapo ni kubahatisha. Akalenga kwenye macho ya mama, akavuta taima, akabonyeza, akakimbilia kwenye kochi.

Kamera ikalia zzzz, kama sekunde kumi hivi, kisha tk.

Mama akauliza, "Mbona jicho lake limefungwa?"

Kifuniko cha lenzi! Hiyo ndiyo aibu ya renjifainda. Kwa kuwa huchungulii kupitia lenzi, kidirishani unaona kila kitu safi kumbe lenzi imevaa kofia. Mpiga picha wa mastaa kasahihishwa na mama wa Muheza. Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga, na picha ya pili ikapigwa akiwa bado anatikisika. Ya tatu jamaa akamwambia, "Mama, usipumue kidogo." Ya nne hakusema kitu, mama mwenyewe akamshika mkono.

Dar mkanda ukapelekwa kusafishwa. Siku zile za kusubiri jamaa anasema hakulala vizuri, maana kwenye mkanda hakuna kutazama kwanza. Majibu yalipotoka, ya kwanza haina kitu. Ya pili mama ana vichwa viwili. Ya tatu wako kama wanasubiri kuitwa hospitali. Ya nne imetulia, hata mistari ya khanga unaihesabu. Mama anamwangalia mwanaye, siyo kamera. Bega la kushoto la jamaa limekatwa kidogo, kwa sababu alikaa vibaya.

Aliisafisha kubwa, akaitia fremu, akaituma kwa basi. Mama akapiga simu kuuliza kwa nini bega limekatwa. Kisha akasema ameshaitundika, pembeni ya ile ya baba.

Stendi yenyewe sasa haitoki kwenye begi. Juzi kwenye shuti ya staa mmoja mkubwa, kazi ilipoisha aliiweka juu ya spika, akavuta taima, akaenda kusimama na wenzake.

Haya mdau, sema ukweli: una picha ngapi na mama yako ambazo na wewe umo? Selfi yenye nusu paji la uso haihesabiki. Dondosha komenti hapo chini.